Msimwite Mtoto Charlie



Juma hili siandiki juu ya akiba wala bei ya makala. Naandika juu ya filamu. Ni filamu ya Marekani ya mwaka 2005. Kwa Kiingereza inaitwa Hide and Seek, yaani ule mchezo wa watoto wa kujificha na kutafutana, lakini hapa kwetu wengi wanaijua kwa jina la Kifaransa, Trouble jeu. Inapita kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, na Jumamosi iliyopita ilifika kwetu, nyumbani kwa mama mmoja wa AVEC yetu, baada ya kuhesabu fedha na kufunga sanduku. Umeme ulikuwepo, na hilo peke yake ni habari. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja na sahani mbili za karanga.

Nitaieleza filamu hii mpaka mwisho wake. Anayetaka kuiona kwanza ili ashtuke, aweke karatasi hii kando. Lakini nadhani hatashtuka sana.

Kuna baba mmoja wa New York, David Callaway, mwanasaikolojia. Anachezwa na Robert De Niro. Ana mke na binti mdogo, Emily, anayechezwa na Dakota Fanning. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, mama anakutwa amekufa ndani ya bafu, mikono imekatwa, na kila mtu anaamini amejiua. Baba anamtoa mtoto mjini na kumpeleka kwenye nyumba kubwa karibu na msitu, ili moyo wake utulie. Huko mtoto anapata rafiki asiyeonekana, jina lake Charlie. Halafu mambo mabaya yanaanza. Paka anakutwa amekufa bafuni. Maneno ya kumlaumu baba yanaandikwa ukutani. Mwanamke ambaye baba ameanza kuzoeana naye anakuja kusalimia, anasukumwa dirishani. Kila mara baba anamuuliza mtoto ni nani aliyefanya hivyo, na kila mara mtoto anajibu kwamba ni Charlie.

Basi swali ni moja: Charlie ni nani? Filamu inatuwekea watu wa kuwashuku. Kuna jirani aliyefiwa na mtoto wake, anamtazama Emily kwa macho yasiyoeleweka. Kuna mwenye funguo za nyumba anayetokea bila kubisha hodi. Kuna mkuu wa polisi wa kijiji. Wote wamepewa sura ya kutisha na muziki wa kutisha.

Kwetu Jumamosi ile hawakumdanganya mtu. Hatujafika katikati, mama mmoja anayeuza sombe akauliza, huku anamenya karanga: “Huyu baba, mbona kila usiku anaamka saa ileile na kumkuta mkewe bafuni? Na ndani ya nyumba hiyo analala nani mwingine?” Mwingine akamjibu: “Kikulacho ki nguoni mwako.” Tukacheka. Kuanzia hapo hatukuwa tukitazama filamu ya siri tena, tulikuwa tukingoja watu wa Marekani watufikie pale tulipokuwa tumeketi.

Na walifika. Karibu na mwisho, baba anaingia katika chumba ambamo alidhani amekuwa akifanya kazi kila siku. Anakuta makatoni yake bado yamefungwa kama yalivyotoka New York. Hakuwahi kufanya kazi humo. Ndipo anakumbuka: usiku ule wa sherehe alimwona mkewe na mwanaume mwingine kwenye ngazi, wivu ukampanda, akamziba pumzi kwa mto, kisha akampanga bafuni ionekane amejiua. Charlie ni yeye mwenyewe, mtu wa pili ndani ya kichwa chake, ambaye yeye wa mchana hamjui. Baada ya hapo ni kukimbizana tu, kisu na giza na pango msituni, mpaka mwanamke anayeitwa Katherine, mtaalamu wa akili za watoto, anampiga risasi.

Wamama wawili walikuwa wamekwisha kusinzia.

Nilipata kusoma kwamba filamu hii ilipotoka, kampuni iliyoisambaza ilipeleka mikanda kwenye majumba ya sinema bila kipande cha mwisho. Kipande hicho kilikuja peke yake baadaye, chini ya ulinzi, ili siri isivuje. Niliwaza yule mama wa sombe. Walinde nini, wakati mwanamke wa Kadutu ameshalijua jibu kabla karanga hazijaisha?

Sisemi kwamba hadithi za namna hii ni mbaya zote. Mwaka 1999 ilitoka The Sixth Sense, nayo ina mtoto mwenye hofu na mtaalamu wa saikolojia. Mwisho wa filamu hiyo unapoujua, unaweza kuirudia mwanzo, na kila mazungumzo uliyoyasikia yanapata maana ya pili. Lakini hii ya Charlie ukiirudia hupati kitu. Unakuta tu mahali walipokuficha makusudi. Na siri yenyewe ilikuwa imezeeka. Alfred Hitchcock aliwaonyesha watu mwuaji mwenye watu wawili kichwani mwaka 1960, katika Psycho. Mwaka 2004, mwaka mmoja tu kabla ya Charlie, Johnny Depp alicheza Secret Window, na jibu lake ni lilelile: unayemtafuta ni wewe.

Lakini sikushika kalamu kwa sababu filamu ni dhaifu. Filamu dhaifu ziko nyingi, mtu anazitazama, anazisahau na kwenda kuchagua maharage. Nimeandika kwa sababu ya mambo mawili ambayo yamekaa moyoni mwangu tangu siku ile.

La kwanza ni yule mama wa bafuni. Tuitazame habari yake bila muziki wa kutisha. Mwanaume amemwona mkewe na mtu mwingine, amemwua kwa wivu, kisha amepanga maiti ili watu waseme amejiua. Hiyo si siri ya saikolojia. Hayo ni mauaji ya nyumbani, na hakuna mwanamke katika chumba kile aliyehitaji kuelezwa. Lakini filamu haitaki kuyaita kwa jina lake. Inampa mume jina la pili, na uovu wote unawekwa kwenye jina hilo. Si David aliyeua, ni Charlie. David mwenyewe ni baba mpole aliyechoka, anampikia mtoto chakula na kumfunika shuka.

Wamama, Charlie huyo tunamjua. Hapa kwetu ana majina mengine. “Si yeye, ni pombe.” “Si yeye, ni pepo.” “Si yeye, ni vita alivyoviona.” Kesho yake asubuhi baba ni mpole, ananunua mkate, na mwanamke anaambiwa asikumbushe mambo ya usiku. Pombe ipo, na majeraha ya vita yapo, sisi wa Kivu hatuwezi kuyakana. Lakini mkono uliopiga una mwenyewe.

Na tusiwaonee wagonjwa wa kweli. Ugonjwa wa mtu kugawanyika ndani yake upo, na wataalamu wanasema mara nyingi mizizi yake ni mateso makubwa aliyoyapata mtu akiwa mtoto. Mgonjwa wa namna hiyo huwa hatari kwa nafsi yake kuliko kwa wengine. Sinema imempaka damu mgonjwa wa akili kwa miaka mingi, hata familia zinaogopa kumtaja ndugu yao na kumpeleka kutibiwa. Hapa Bukavu tuna kituo cha SOSAME kinachotibu magonjwa ya akili. Mtu akienda pale anaenda kama anavyoenda mwenye malaria kwenye kituo cha afya.

La pili ni yule mtoto. Hili ndilo lililonikosesha usingizi.

Fikirini. Emily alijua tangu mwanzo. Watu wazima walitafuta siri ambayo kwake haikuwa siri hata siku moja. Alipoulizwa alijibu: ni Charlie. Alisema kwa lugha aliyokuwa nayo, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kusema “ni baba” huku baba huyohuyo ndiye anayeuliza, ndiye anayempa chakula, na ndiye atakayebaki naye mlango ukifungwa. Katherine alikuja kumwona, lakini baba alikuwa pale kati yao. Hapo ndipo palikuwa na filamu ya kweli: mtoto anayempenda mtu wakati wa mchana na kumwogopa mtu huyohuyo usiku, na anatafuta neno moja la kumtenganisha mara mbili ili aweze kuendelea kumpenda. Dakota Fanning anaicheza hofu hiyo vizuri mno. Ukimtazama macho yake peke yake, unapata hadithi nyingine, kubwa kuliko ile ya makatoni. Waliokuwa na mtoto huyo mbele ya kamera wakamtumia kama kifuniko cha chungu, ili tusione kilichomo mpaka watakapotaka wao.

Halafu wakamfanyia ubaya wa mwisho. Filamu hii ilipigiwa miisho zaidi ya mmoja. Katika mwisho tuliouona sisi, Emily anaishi na Katherine, salama, anachora picha kabla ya kwenda shule. Mtoto akiisha kuondoka, tunaonyeshwa picha aliyoichora: ni yeye mwenyewe, mwenye vichwa viwili. Maana yake, sasa mtoto naye tumwogope. Mama yake ameuawa, baba yake amekuwa mnyama, yeye ameponea pangoni, na neno la mwisho juu yake ni kwamba huenda ubaya umo ndani mwake.

Chumbani kwetu mtu mmoja alisema, “Eee, kumbe na mtoto!” Televizio ikazimwa, tukavaa viatu, tukaenda.

Jumanne nilimtuma binti yetu robineni pamoja na dada zake. Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba ninalea mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka saba. Ananiita mama mdogo. Tangu mama yake alipofariki ana rafiki ambaye sisi wengine hatumwoni. Rafiki huyo anakaa pembeni ya mkeka, anabakiziwa tonge la bugali, na akisinzia tunaambiwa tupunguze sauti. Watu wa parseli wamezoea. Siku ile, kwenye mstari wa mabidoni, jirani mmoja aliyekuwa nasi Jumamosi akamwona mtoto anaongea peke yake, akasema kwa sauti: “Charlie huyo, amekuja!” Watu wakacheka. Mwingine ambaye hakuiona filamu akauliza Charlie ni nani, akaelezwa palepale, mbele ya mtoto, mpaka mwisho wa vichwa viwili. Yule mwingine akatikisa kichwa: “Mtoto anayesema na wasioonekana, mama yake naye alikufa vipi?”

Dada zake walinirudia na hilo swali kabla ya kutua mabidoni.

Nyinyi mnajua swali kama hilo linakoelekea katika nchi hii. Linaanza kwa kucheka. Kisha mtu anaota ndoto mbaya, au mtoto wa jirani anapata homa, au biashara inaanguka, na mtu anakumbuka lile neno la robineni. Baadaye ni chumba cha maombi, kufungishwa mtoto chakula, viboko vya kumtolea pepo, na mwisho wake ni barabara. Watoto wengi tunaowaona wanalala sokoni walifukuzwa nyumbani kwa neno “mchawi”, na wengi wao walikuwa mayatima, au waliokuja kulelewa na mama wa kambo, au wale waliokuwa tofauti kidogo na wenzao.

Kwa hiyo jioni nilimchukua mama mwingine wa kikundi, tukaenda wawili kwa jirani yule. Hatukwenda kugombana. Tuliketi, tukaulizana habari za watoto, halafu nikamwambia nilichosikia. Alisema alikuwa akicheza tu. Nikamjibu kwamba mimi namwamini, lakini mchezo wake umekwisha kufika kwa watu ambao hawachezi. Yule mwenzangu, ambaye aliwahi kufuata mafunzo ya haki za watoto, akamkumbusha sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inasema anayemshutumu mtoto uchawi anaadhibiwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini ya franka 200 000 hadi 1 000 000. Jirani alinyamaza kidogo. Kisha akasema kesho yake atakwenda robineni yeye mwenyewe kulirekebisha neno lake mbele ya walewale. Na alikwenda. Namshukuru kwa hilo, kwa maana si kila mtu angekubali.

Sasa niseme juu ya marafiki wasioonekana, kwa sababu filamu hii inawatia mama hofu bure. Mwanasaikolojia wa Marekani, Marjorie Taylor, wa Chuo Kikuu cha Oregon, ametumia miaka mingi kuwachunguza watoto wa namna hiyo. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2004, yeye na wenzake walikuta kwamba kufikia umri wa miaka 7, watoto 65 katika kila 100 aliowachunguza walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kujiwazia. Alikuta pia kwamba watoto wengi wanajua vizuri kuwa rafiki huyo si mtu kweli. Ni mchezo, na ndani ya mchezo huo mtoto anaweza kuweka jambo ambalo ni zito mno kulishika kwa mikono yake.

Basi usimfukuze rafiki huyo. Msikilize. Muulize mtoto: rafiki yako anapenda nini? Leo amelala vizuri? Anaogopa nani? Maswali hayo yaulizwe mkiwa wawili, wakati wa kuchambua mboga au kusuka nywele, bila haraka, na kamwe si mbele ya mtu ambaye huenda mtoto anamwogopa. Ukisikia kwamba rafiki anamwamuru mtoto ajiumize au aumize mwingine, au mtoto mwenyewe anamhofia rafiki yake, au ameacha kula na kucheza, au ameanza kukojoa kitandani baada ya kuacha, hapo usingoje. Nenda kwenye kituo cha afya, uulize kama kuna msaidizi wa mambo ya kisaikolojia. Na ukisikia kwamba rafiki huyo anafanya usiku mambo ambayo ni mtu mzima tu anayeweza kuyafanya, usitafute pepo. Angalia nani analala ndani ya nyumba, kama alivyouliza mama wa sombe.

Jumanne usiku ile, nilipokuwa nikimsuka binti yetu, nilimuuliza rafiki yake anaogopa nini. Alifikiri muda mrefu, hata nikadhani amesinzia. Kisha akasema: “Anaogopa wewe pia ukienda hospitali utabaki kule.”

Dada yangu alikwenda hospitali asubuhi moja ya Jumatatu akiwa anatembea mwenyewe. Alimwambia mtoto atarudi jioni.

Nilimwambia kwamba mama mdogo ni mzima, na kwamba siku nikienda hospitali nitamwambia ukweli kabla ya kwenda, hata kama ni kwenda kupimwa tu. Akauliza kama na rafiki yake nitamwambia. Nikasema nitawaambia wote wawili. Akaridhika, akaniambia nisikaze sana upande wa kushoto.

Jumamosi hii tunakutana tena. Wamama wamekubaliana kwamba tukimaliza filamu hatutavaa viatu mara moja, tutaketi robo saa na kuongea juu ya tulichokiona, ili maneno yake yasitutangulie robineni. Mama wa sombe ameomba safari hii iwe ya kuchekesha. Anayeijua iliyo nzuri aje nayo.